Kidonge ni kimoja tu kwa siku. Mbona kinawashinda watu?

Muuguzi anamimina vidonge kwenye sinia ndogo, anavihesabu, anakuta vimezidi 11. "Mama, hivi mbona vimebaki?" Jibu ni lile lile, uwe Likoni, Kisauni au Changamwe hapa Mombasa: "Nilisahau, sista." Linaandikwa kwenye faili. Mama anashauriwa atege simu ilie saa mbili usiku, na anayefuata anaitwa.

Wapo wanaosahau kweli, sikatai. Lakini ukikaa na watu wanaotumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya ukimwi (ARV), ukakaa nao nje ya kliniki, mbali na faili, utaona kwamba kusahau hutajwa sana kwa sababu ni jibu lisilo na aibu. "Mume wangu hajui." "Nililala kwa wifi yangu, sikuwa na pa kumezea." "Sikuwa na nauli." "Nilikuwa nimelewa." "Niliombewa nikaona nimepona." Kila mojawapo ya hayo huzaa maswali mengine, na pengine huzaa na kugombezwa. Basi mtu husema alisahau, mshauri hutibu usahaulifu, na shida yenyewe hupanda matatu na mwenyewe kurudi nyumbani.

Dawa ikimezwa, dawa ikiachwa

Wakenya wengi wanaotibiwa leo humeza kidonge kimoja chenye dawa tatu ndani: tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri. Kliniki hukiita TLD. Kilianza kusambazwa nchini mwaka 2018, na kabla yake mambo yalikuwa magumu. Zilikuwepo dawa za kumeza asubuhi na jioni. Ilikuwepo stavudini, iliyonyonya mafuta ya mashavu na miguu hata jirani akamtambua mtu kwa sura tu. Ilikuwepo efavirenzi, iliyoleta kizunguzungu na ndoto za kutisha. Walioanza matibabu miaka ile ya baada ya 2006, dawa zilipoanza kutolewa bure katika hospitali za serikali, walikuwa na sababu za kuikimbia dawa ambazo mgonjwa wa leo kwa kawaida hana. Lakini hofu hurithiwa. Msichana aliyeanza TLD juzi ameshaambiwa na shangazi yake kwamba dawa hizo "zinakausha", ilhali TLD, kama ina lawama, ni kuwaongezea watu wengine uzito na kuwakosesha usingizi wachache. Anayekosa usingizi huhamishia kidonge asubuhi, na aghalabu hutulia.

Virusi vyenyewe huishi kwa kujinakili ndani ya seli za kinga zinazoitwa CD4. Kwa mtu asiyetibiwa, nakala mpya hufika mabilioni kwa siku, na unakili wenyewe ni wa ovyo, makosa madogo hayaishi. Mengi ya makosa hayo hayavisaidii virusi kitu. Machache huvipa uwezo wa kuihimili dawa. Dawa tatu zikiwa damuni kwa pamoja, unakili unazimwa na makosa hayapati pa kuzaliwa. Ila kuna virusi vilivyolala ndani ya seli zinazoishi miaka mingi, na hakuna dawa ya leo inayovifikia huko. Ndiyo maana mtu ambaye vipimo havioni tena virusi damuni mwake, akiacha dawa, virusi hurudi, kwa kawaida ndani ya wiki chache. Alikuwa amevifungia tu, hajavimaliza.

Je, mtu hawezi kupumzika kidogo kinga ikishapanda, kisha aanze tena ikishuka? Swali hilo liliulizwa kitaalamu katika utafiti ulioitwa SMART, uliokusanya watu zaidi ya 5,400 katika nchi 33. Matokeo yalitoka 2006: waliopumzishwa waliugua magonjwa nyemelezi au kufariki kwa zaidi ya mara mbili ya walioendelea kumeza, na jaribio likasimamishwa kabla ya wakati wake.

Kuruka moja moja kuna hatari yake nyingine, nayo ni usugu. Dawa ikiwepo damuni kwa kiasi kidogo, inaviua virusi vinyonge na kuviachia uwanja vile vilivyojifunza kuihimili. Dawa za zamani zilikuwa dhaifu hapo. Efavirenzi hukaa mwilini siku nyingi baada ya wenzake kuisha, kwa hiyo aliyeacha ghafla alibaki na dawa moja ikipambana peke yake, na badiliko moja tu la virusi lilitosha kuishinda. Dolutegraviri ni ngumu zaidi kuzoewa, na hilo ndilo jema lake ambalo wagonjwa hawaambiwi vya kutosha: inavumilia kosa la hapa na pale. Haivumilii mazoea.

Masharti yasiyokuwepo

Sehemu hii ndiyo inayoniudhi kuliko zote, kwa sababu kuirekebisha ni suala la maneno tu. Watu wanaacha kumeza kwa kutii masharti ambayo kidonge cha sasa hakina.

Chukua saa. Mtu ameambiwa saa mbili usiku. Siku hiyo msongamano wa magari umemkwamisha Kibarani, anafika nyumbani saa nne, na anajiambia muda umeshapita, atameza kesho. Kumbe saa maalumu huwekwa ili kumeza kuwe mazoea, na dawa haiharibiki dakika zikipita. Ukikumbuka saa kadhaa baadaye, meza. Maelekezo ya kawaida ya dolutegraviri ni kwamba uiache ile uliyoikosa pale tu ambapo inayofuata imebakiza chini ya saa nne, na usimeze mbili kwa mpigo kufidia. Mgonjwa aliyefundishwa ukali wa saa bila kufundishwa sababu yake hupoteza dozi nzima kwa kuchelewa kidogo.

Halafu chakula. "Dawa hizi ni kali, haziendi na njaa" ni maneno utakayoyasikia Mombasa nzima, na yana historia: baadhi ya dawa, kwa mfano atazanaviri inayotumika hadi leo kwa wagonjwa wengine, kweli zinataka chakula. TLD haitaki. Inamezwa kabla ya kula, baada ya kula, au bila kula. Sisemi kwamba njaa si kitu. Mtu asiyejua atakula nini usiku ana mawazo mengine kabisa kichwani, na kidonge tumboni mtupu kinaweza kumtia kichefuchefu. Lakini mchukuzi wa Kongowea aliyekosa kibarua, akalala na chai ya rangi, asilazimike kukosa na dawa juu yake kwa sababu ya sharti la dawa ambayo hatumii.

Pombe nayo. Wengi wanaamini kuchanganya pombe na dawa ni sumu, kwa hiyo Ijumaa wakijua watakunywa, dawa wanaiacha kwa makusudi hadi Jumatatu. Wanadhani wanajihadhari. Pombe ina madhara yake, ya ini na ya kumfanya mtu apoteze mpango wa siku, lakini anayekunywa ni heri ameze kidonge kuliko akiruke. Mshauri anayesema "usinywe kabisa" na kuishia hapo amemwachia mnywaji njia moja tu: aache dawa wikendi na asiseme.

Lipo pia sharti la kweli ambalo halitajwi. Dolutegraviri hunaswa tumboni na madini ya chuma na kalsiamu, na vilevile dawa za kiungulia zenye magnesiamu au alumini. Mama mjamzito anayepewa vidonge vya kuongeza damu aidha avimeze pamoja na TLD wakati wa chakula, au atangulize TLD kwa saa mbili, au aimeze saa sita baadaye. Dawa za kiungulia hazifai kwenda nayo pamoja kabisa. Zifuate utaratibu huo wa saa mbili na saa sita. Asiyeambiwa hilo anaweza kuwa hajaruka hata siku moja na bado kipimo chake kikaja kibaya, kisha akaulizwa kwa ukali kwa nini hamezi.

Kisha Ramadhani, ambayo kwa mji wa Waislamu wengi kama huu wetu si jambo la pembeni. Anayemeza mara moja kwa siku hana kikwazo cha dawa: kidonge kinahamia baada ya futari au wakati wa daku. Hata anayemeza mara mbili anaweza kuvigawa kati ya futari na daku, maana hapa tuko karibu na ikweta na mchana wa saumu haurefuki sana mwaka hadi mwaka. Kuhamisha saa kuzungumzwe na kliniki kabla ya mwezi kuandama, basi. Kikwazo kiko kwingine. Mgonjwa ameruhusiwa na Qurani yenyewe, katika Suratul Baqara, kula na kulipa baadaye, lakini ruhusa hiyo inatumika kwa ugonjwa unaojulikana. Anayeonekana mzima akila mchana ataulizwa na mavyaa yake anaumwa nini. Kwa hiyo anafunga ili asiulizwe, na usiku nyumba imejaa watu, sinia moja, mkeka mmoja, taa zinawaka hadi daku. Lini atauendea mkebe?

Mkebe unaolia

Hapa ndipo penye uzito. Dawa hutolewa kwenye mkebe wa plastiki, na mkebe ukitikiswa hulia. Kila anayetumia dawa anaujua mlio huo, na kila anayeuficha anaamini kwamba wengine nao wanaujua. Ndiyo maana watu hujaza pamba ndani, hubandua karatasi ya jina, au hutupa mkebe jalala la mtaa wa mbali na kufunga vidonge kwenye karatasi. Ule mfuko mdogo wa kukausha unyevu hutupwa pamoja na mkebe, na unyevu wa Mombasa hauhitaji kualikwa.

Fikiria nyumba ya Kiswahili ya kupanga: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, ua na choo cha wote. Chumba kimoja kinalaza watu watano. Hakuna droo yenye kufuli, hakuna pembe ya kusimama peke yako na kikombe cha maji. Mtu huficha dawa ndani ya mto, chini ya leso kabatini, kwenye mkoba wa biashara, au huiacha dukani kwa rafiki. Akisafiri kwenda mazishini Kilifi au Kwale, alale siku tatu katika chumba cha wanawake, anaamua ni afadhali kuiacha nyumbani. Siku tatu hizo kwenye faili zitakuwa "alisahau".

Unyanyapaa huu unawachezea watu hata katika kuchagua kliniki. Wa Likoni huenda Makadara, yaani hospitali kuu ya Pwani, au hadi Changamwe. Wa kisiwani huvuka kwenda Likoni. Wanapishana kwenye feri, kila mmoja akikimbia kliniki ya mtaa wake, kwa sababu pale mtaani karani anatoka nyumba ya tatu na benchi la kusubiria liko mahali ambapo kila mpita njia anaona nani kaketi. Sheria ya mwaka 2006 inayohusu ukimwi inakataza kutoa siri ya hali ya mtu bila idhini yake, lakini macho ya jirani hayamo katika sheria. Feri kwa anayetembea kwa miguu ni bure. Matatu za pande zote mbili si bure, wala siku ya kazi iliyopotea. Mama wa mahamri na mbaazi akienda kliniki hajauza siku hiyo, na kesho yake hana mtaji wa unga.

Ndani ya ndoa ni kugumu zaidi. Wanawake wengi hujua hali yao kwenye kliniki ya wajawazito, kwa hiyo mke ndiye anayejua kwanza, na kwa mantiki ya ajabu ya nyumba nyingi anayejua kwanza ndiye aliyeleta. Anahesabu: nikisema, nitafukuzwa? Nitapigwa? Watoto watalala wapi? Kumwambia "mweleze mumeo" bila kumsaidia kulijibu hilo ni kumwongezea mzigo. Baadhi ya kliniki hufanya vizuri zaidi: huwaita wote wawili wapimwe pamoja kana kwamba ndiyo mara ya kwanza, au mshauri hukaa nao wakati wa kuambiana. Pale ambapo kuna hatari ya kipigo, kutosema kwa sasa ni uamuzi wa busara, na kazi ya kliniki inakuwa kutafuta mahali pengine pa kuwekea dawa.

Kuna habari moja ambayo imebadilisha mazungumzo haya popote ilipofika. Mtu anayemeza dawa hadi virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa njia ya ngono. Mwaka 2011 utafiti wa nchi tisa ulionyesha kwamba kumtibu mapema mwenye virusi kulipunguza maambukizi kwa mwenzi wake kwa asilimia 96. Tafiti mbili zilizofuata, zilizoitwa PARTNER na kuchapishwa 2016 na 2019, ziliwafuatilia wapenzi wasiotumia kondomu na hazikupata hata ambukizo moja lililotoka kwa mwenzi aliyedhibiti virusi. Shirika la Afya Duniani likalitamka wazi mwaka 2023: hatari ni sifuri. Kwa kijana anayetaka kuoa, hiyo ni sababu ya kumeza iliyo na nguvu kuliko mabango yote ya "usife". Na bado wapo wahudumu wanaoinong'ona, au wasioitaja kabisa, kwa hofu kwamba watu "wataharibika". Naona kosa hapo. Unamnyima mtu habari njema kuliko zote kuhusu mwili wake, kisha unashangaa hana ari.

Kinachosaidia kimepimwa

Kama tatizo lingekuwa kumbukumbu, dawa yake ingekuwa kukumbushwa kwa wingi. Ushahidi hauendi hivyo.

Hapa hapa Mombasa, jaribio lililochapishwa mwaka 2008 liliwataka wagonjwa waje kituoni mara mbili kwa wiki kwa wiki 24, wameze mbele ya muuguzi. Walimeza vizuri kuliko wenzao waliopewa huduma ya kawaida. Usimamizi ulipoisha, tofauti nayo ikaisha. Jicho la muuguzi lilifanya kazi muda lilipokuwepo, lakini halikubadilisha chochote kule nyumbani ambako maisha yangeendelea.

Linganisha na jaribio la ujumbe wa simu lililofanyika Nairobi na Kajiado na kuchapishwa 2010, lenye watu 538. Kila wiki mgonjwa alitumiwa neno moja: "Mambo?" Alitakiwa ndani ya saa 48 ajibu "Sawa" au "Shida." Aliyesema shida, au aliyenyamaza, alipigiwa simu na muuguzi. Baada ya mwaka, asilimia 57 ya waliopokea ujumbe walikuwa wamedhibiti virusi, dhidi ya 48 ya wasiopokea. Ujumbe haukutaja dawa, haukutaja kliniki, hata simu ingeshikwa na mume au mtoto hauna la kumfichua mtu. Wala haukuwa ukumbusho. Ulikuwa nafasi ya kusema kuna shida, na mtu upande wa pili. Mwaka uliofuata matokeo ya jaribio jingine, la Chulaimbo karibu na Kisumu, yalionyesha kwamba ujumbe wa kila wiki ulisaidia ilhali ule wa kila siku haukusaidia. Dawa zilizotumika wakati huo zilikuwa za zamani, na Nyanza si Pwani, lakini mwelekeo unanishawishi: anayepigiwa kengele kila siku huizima, na anayeulizwa hali hujibu.

Ndiyo maana vikundi vya wagonjwa wenyewe vina nguvu. Watu kadhaa wa mtaa mmoja wanaoaminiana hupokezana kwenda kliniki, mmoja akachukua dawa za wote. Kliniki nayo humpa aliyetulia dawa za miezi mitatu hadi sita kwa mkupuo mmoja, jambo ambalo miongozo ya Kenya imeliruhusu kwa miaka sasa. Safari mbili kwa mwaka zinawezekana hata kwa mchuuzi. Ubaya wake ni mdogo lakini upo: dawa za miezi sita ni mikebe kadhaa ya kuficha.

Ambao habari yao haifanani na ya wengine

Watumiaji wa unga, yaani heroini, wale mtaa unaowaita mateja, walihukumiwa mapema kwamba hawawezi dawa. Sehemu ya kushindwa kwao ilikuwa ya kikemia. Efavirenzi na nevirapini hupunguza methadoni mwilini, kwa hiyo kijana aliyejikokota hadi akaanza methadoni, dawa ya kumsaidia kuacha heroini, alijikuta kwenye arosto, yale maumivu ya kukosa unga, upya kila alipoanza ARV, akachagua kuacha kile kilichomuumiza. Dolutegraviri haiigusi methadoni. Na kwa kuwa methadoni inanyweka kila siku mbele ya mhudumu, kliniki kama ile ya Kisauni inaweza kumpa na kidonge chake hapo hapo.

Mwenye kifua kikuu ana mzigo mwingine: rifampisini huimaliza dolutegraviri haraka, hivyo huongezewa kidonge cha pili cha dolutegraviri baada ya saa 12 kwa muda wote wa tiba hiyo. Asiyeelezwa sababu hukiona cha ziada na kukiacha.

Vijana waliozaliwa na virusi wanastahili makala yao. Wengi waliambiwa wakiwa wadogo kwamba wanameza dawa ya kifua, wakaja kujua ukweli kwenye simu au kwa kusoma faili, na hasira yao huishia kwenye kidonge. Shule ya bweni inaongeza sanduku linalopekuliwa na matroni asiyejulikana kama anatunza siri. Mpango wa Kenya uliopewa jina la Operation Triple Zero, ulioanza 2016, uliwapa vijana vikundi vyao na malengo yao: kutokosa kliniki, kutoruka dawa, kutoonekana kwa virusi. Kinachowavuta, nionavyo, ni kukutana na mwenzao anayecheka.

Kuhusu uponyaji, tusijifanye tumesahau mwaka 2011, magari yalipojipanga kilomita kwa kilomita kuelekea Samunge, Loliondo, nchini Tanzania, watu wakitafuta kikombe cha Babu, mchungaji mstaafu aliyewanywesha watu dawa ya mizizi, wakiwemo Wakenya. Walikuwepo walioacha ARV baada ya kukinywa. Kuwacheka ni rahisi. Mtu anayemeza kidonge kila usiku anakumbushwa kila usiku kwamba anaumwa, na anayemwambia "umepona" anampa kitu ambacho kliniki haijawahi kumpa. Sheikh au mchungaji anayesema hadharani kwamba dua na dawa havigombani hufanya kazi ambayo mabango hayawezi.

Benchi jipya, na njia ya kurudi

Januari 2025 Rais wa Marekani alisimamisha misaada ya nchi za nje, na kliniki nyingi zilizotegemea fedha hizo nchini zikapoteza washauri, wafuatiliaji na wenye virusi waliokuwa wakiwaelekeza wenzao. Serikali ikaamua huduma za virusi zichanganywe na za kawaida. Mabadiliko hayo yana pande mbili. Kwenye benchi la pamoja na wenye sukari na presha hakuna anayejua umefuata nini, na hilo wengi walilililia kwa miaka. Lakini aliyekuwa akiijua hali ya nyumbani kwako bila kusoma faili ameondoka, na foleni ni ndefu mno kumwambia mgeni kwamba mumeo hajui.

Sindano nazo zinakuja. Jaribio la CARES, lililofanywa Uganda, Kenya na Afrika Kusini na kuchapishwa 2024, lilionyesha kwamba kabotegraviri na rilpivirini zikidungwa kila miezi miwili hudhibiti virusi sawa na vidonge, na Julai 2025 Shirika la Afya Duniani lilizipendekeza kwa waliokwisha kudhibiti virusi. Hakuna mkebe, hakuna mlio. Ila rilpivirini inataka jokofu, na miezi miwili ni safari sita kwa mwaka badala ya mbili. Mwenye shida ya siri atafurahi. Mwenye shida ya nauli hatafurahi.

Kwa aliyeacha, wiki mbili au miaka miwili, kinachomzuia kurudi mara nyingi ni kugombezwa. Amekosa tarehe moja, anaogopa, anakosa ya pili, na kadiri siku zinavyozidi ndivyo maelezo yanavyokuwa marefu. Huna haja ya maelezo marefu. Nenda, kliniki yoyote, hata isiyo yako; sema uliacha lini na kwa nini, kama unaweza. Wataangalia kama una dalili za kifua kikuu au maambukizi mengine yanayohitaji kutibiwa kwanza, watapima kinga, na wengi waliokuwa kwenye TLD huanzishwa TLD hiyo hiyo. Baada ya miezi mitatu ya kumeza vizuri hupimwa wingi wa virusi, na hapo ndipo hujulikana kama dawa inahitaji kubadilishwa.